King'amuzi cha Treni ya Mzee Kahigwa

Kijiwe chetu kiko Igoma, kando ya barabara ya Musoma, na kwa bahati yangu mbaya kimeegemea ukuta wa kibanda changu. Mimi ni Hellen, fundi wa simu na redio. Wao wameamua kuniita Mama Risasi kwa sababu ya waya wa risasi ninaochomelea, na hakuna aliyewahi kuniomba ruhusa. Benchi lao ni ubao uliobanduliwa kwenye mtumbwi mbovu, umewekwa juu ya mawe mawili, na dirisha langu la kazi wamelifanya meza ya vikombe. Wa kwanza kufika kila siku ni Mashimba, fundi umeme wa pikipiki, anayeitwa Dinamo kwa sababu kwake hakuna tatizo duniani ambalo halianzii kwenye dinamo; mimi huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma. Wa pili ni Obedi, ambaye zamani alifagia ofisi moja ya watabiri wa mvua, na tangu hapo jina lake ni Hali ya Hewa. Wa tatu ni Malimi, Mjumbe, aliyegombea ujumbe wa mtaa akashindwa, akagombea tena akashindwa, akabaki na jina na methali. Yeremia anawamiminia kahawa. Na mwisho wa benchi, penye kivuli, hukaa Mzee Deodatus Kahigwa, dereva wa treni mstaafu, mwenye miwani ambayo mkono wake mmoja umefungwa kwa plasta nyeupe ya hospitali. Presha ya macho imemwachia mwanga na vivuli tu. Miwani anaivaa kwa mazoea, na hiyo plasta huikata na kuifunga mwenyewe kwa kupapasa.

Jumamosi hiyo kazi iliyokuwa mezani kwangu ilikuwa yake. Ni kichwa cha treni kidogo cha kuenea kiganjani, chuma kitupu, alichopewa na injinia mmoja siku aliyostaafu. Miaka yote alikiendesha kwa transfoma ya zamani. Transfoma ilipokufa, binti yake Prudencia, anayefanya kazi Dar, akamnunulia seti mpya ya kidijitali yenye reli za kuzunguka sebule nzima kule Nyakato. Seti ilikuja na treni yake. Mzee akaipapasa, akairudisha kwenye boksi, akasema, "Huyu simjui." Alitaka kichwa chake. Sasa kichwa cha zamani hakiwezi kwenda kwenye reli za kidijitali mpaka kifungwe king'amuzi, kidude kidogo cha kulingana na ukucha, ambacho kinapokea amri kutoka relini, kinaendesha mota na kupiga honi. Prudencia alileta ving'amuzi viwili, kisanduku cha kuendeshea na kipande cha reli cha kujaribia. Alileta na sheria. Mwezi uliopita Mzee alijaribu kuchomelea waya mwenyewe, akaiweka solda, kile chuma cha kuchomelea, juu ya kochi ikiwa ya moto, kochi likatoboka tundu la ukubwa wa sahani. Kwa hiyo Prudencia akaniambia mbele ya kijiwe kizima: "Fundi, nikisikia Baba amegusa waya tena, nafunga seti yote kwenye boksi naondoka nayo. Sitaki kuitwa kuja kuzika kwa sababu ya treni." Ndege yake ya kurudi Dar ilikuwa Jumapili. Jumamosi hiyo saa kumi jioni angepita kumchukua baba yake na kichwa, kikiwa kinatembea.

Saa nane nilibonyeza swichi, moshi ukatoka.

Dinamo: Feki hiyo. Nilijua tangu nilipoiona.

Mimi: Moshi wenyewe haujaisha, wewe umeshapata jibu.

Dinamo: Feki ina harufu yake, mayu. Vuta pua uone.

Hali ya Hewa: Siyo feki. Ni unyevu. Jana upepo umetoka ziwani.

Mimi: Kila siku upepo unatoka ziwani, Obedi.

Hali ya Hewa: Wa jana ulikuwa na nia.

Mjumbe: Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Unyevu umeingia kidogo kidogo, kibaba kimejaa, kimefurika. Ndiyo huo moshi.

Yeremia: Kwani maji yakifurika yanatoa moshi?

Mjumbe: Wewe mimina kahawa.

Nilichomoa waya ukutani nikakitazama kile king'amuzi. Kilikuwa kimevimba katikati, na palipovimba pana kitundu cheusi. Fundi yeyote anaijua harufu ile. Nilitazama mwisho wa benchi. Mzee alikuwa amegeuza uso kwenye harufu, kikombe mkononi, hanywi.

Mimi: Mzee, samahani sana. Kimeungua.

Mzee: Nimesikia.

Alisema hilo tu. Mtu ambaye asubuhi nzima alikuwa ananiuliza nimefika wapi, nimekata nini, nimefunga nini, mpaka nikatamani kumpa redio mbovu aishughulikie. Sasa kapewa habari ya msiba, anasema amesikia. Nikadhani amekata tamaa na mimi, na hilo likaniuma kuliko moshi.

Hali ya Hewa: Hicho king'amuzi kilikuwa na kifurushi? Maana changu cha televisheni kifurushi kikiisha kinazima picha.

Mimi: Hiki hakina kifurushi. Hakina chaneli. Hakionyeshi mpira. Kazi yake ni kusikiliza amri na kuendesha mota, basi.

Hali ya Hewa: Nimeuliza tu.

Mimi: Umeuliza tangu Jumatano.

Dinamo: Mimi nasema weka cha pili. Cha pili huwa kizima.

Mimi: Siweki. Sijui cha kwanza kimeuawa na nini, nikupe na cha pili ukiue?

Dinamo: Kwani nimekigusa mimi?

Mimi: Nani kasema umekigusa?

Dinamo akanywa kahawa yote kwa mkupuo, na ilikuwa ya moto.

Nikawaeleza, kwa sababu nilihitaji kujieleza mwenyewe, na pale hakuna mwingine wa kumweleza. Kichwa hiki cha zamani, nikawaambia, kilitengenezwa hivi: mota ina kaboni mbili, vijiti vinavyoiingizia umeme. Moja ilikuwa imeunganishwa na bodi, yaani mwili wa chuma, kwa kipande cha bati, na bodi inakula umeme wa reli kupitia magurudumu. Kwa transfoma ya zamani hilo halikuwa na shida. Kwa king'amuzi ni kifo. Mota haitakiwi iguse chochote isipokuwa waya mbili tu zinazotoka kwenye king'amuzi, wa rangi ya chungwa na wa kijivu. Ikigusa bodi, umeme wa reli unaingia kwenye king'amuzi kwa mlango wa kutokea. Ndiyo maana asubuhi nilikata kile kipande cha bati, nikafunika kaboni, nikapima kwa mita, mita ikanyamaza, maana yake hakuna kinachogusa. Nilishika hata gurudumu lisizunguke nikapima mota inakula umeme kiasi gani ikikwama, nikaona king'amuzi kinaumudu. Halafu nikaenda kula. Niliporudi nikachomelea waya, nyekundu na nyeusi upande wa magurudumu, chungwa na kijivu kwenye mota, nikawasha. Sasa niambieni nilikosea wapi.

Nilipomaliza, Mzee akakohoa. Hali ya Hewa akatazama mawingu. Mjumbe, ambaye hajawahi kukosa la kusema tangu nimjue, akawa anatafuta kitu kwenye mfuko wa shati lisilo na mfuko.

Dinamo: Ni umeme wa mtaa. Umepanda ghafla.

Mimi: Redio yangu ilikuwa inaimba pale pale. Mbona haikuungua?

Dinamo: Redio imezoea.

Mjumbe: Nyie wote hamjasoma. Hiki kitu kimetengenezwa Ulaya, juu ya Ikweta. Sisi tuko chini ya Ikweta. Umeme ukivuka Ikweta unageuka, chanya inakuwa hasi na hasi inakuwa chanya. Hilo halihitaji mita.

Dinamo: Mbona pikipiki zinatoka China, kule kule juu, na hazigeuki?

Mjumbe: Zinakuja kwa meli. Zinazoea njiani, taratibu. Hiki kimekuja kwa ndege, hakikupata nafasi ya kugeuka. Haraka haraka haina baraka.

Yeremia: Sasa hiyo methali imekaa vizuri.

Mjumbe: Zote hukaa vizuri, ninyi ndio mmekaa vibaya.

Jambo la ajabu nililiona hapo, ila hasira haikunipa nafasi ya kulifikiria. Watu hawa hawakubaliani hata kwamba leo ni Jumamosi. Siku hiyo mmoja akimaliza uongo wake, mwenzake anaupokea na kuusukuma mbele, kama watu wanaosukuma gari lililozima.

Hali ya Hewa: Ikweta inahusika, lakini kuna mawe. Mawe ya Mwanza yana sumaku.

Mimi: Obedi.

Hali ya Hewa: Unafikiri kwa nini yamesimama jiwe juu ya jiwe miaka yote na hayaanguki? Sumaku. Sasa mota ina sumaku. Na benchi hili limekaa juu ya mawe. Piga hesabu mwenyewe.

Mimi: Simu zote ninazotengeneza hapa zina sumaku kwenye spika. Mbona hazilipuki?

Hali ya Hewa: Simu haina magurudumu.

Dinamo: Hapo amekushika.

Mimi: Amenishika wapi? Nyie watu mna akili kweli?

Mjumbe: Taratibu, Mama Risasi. Hasira hasara. Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Mimi: Mgeni gani?

Mjumbe: King'amuzi ni mgeni. Kimekuja, sasa wewe pona.

Niliweka solda chini, maana niliona naweza kumchoma mtu. Saa tisa ilikuwa imepita. Nikasema nataka kukigeuza kichwa nikitazame chini ya mota. Nikavuta taa karibu. Hali ya Hewa akainuka kujinyoosha, akasimama katikati yangu na mwanga. Nikamwambia akae. Akakaa, Dinamo akanyanyuka, akaniwekea mezani chaja ya pikipiki, pale pale juu ya kazi yangu, imejaa grisi.

Dinamo: Hebu nitazamie hii kwanza.

Mimi: Wewe ndiye fundi wa hivyo vitu. Mimi nitazame nini?

Dinamo: Nataka maoni ya pili.

Mimi: Ondoa.

Dinamo: Na mimi nimegundua kitu. Mzee, nisikilize na wewe. Hiki kichwa zamani hakikuwa na akili, sivyo? Umeme ukija kinakwenda, ukikata kinasimama. Leo mmekitia akili. Kimezinduka ghafla, kinajikuta juu ya meza ya simu. Kushoto pasi mbovu, kulia redio. Hakioni stesheni, hakioni mtu wa bendera, hakisikii filimbi. Kimeanza kujiuliza, niko wapi mimi? Kimetafuta Tabora, hakikuiona. Kimewaza, kimewaza, kichwa kimepata moto. Hata binadamu angeungua.

Kijiwe kizima kikaguna kwa heshima. Hata Yeremia alisimama na birika mkononi. Mzee peke yake ndiye hakuinua uso. Siku nyingine angecheka mpaka miwani idondoke.

Mimi: Mmemaliza?

Mjumbe: Mimi nina moja ya kufungia. Kikulacho ki nguoni mwako.

Dinamo akamkanyaga mguu. Si kwa siri, nilimwona. Mjumbe akaguna, kahawa ikamwagikia ndala.

Mimi: Hiyo nayo unamaanisha nini?

Mjumbe: Simaanishi kitu. Imenitoka tu.

Basi hapo akili yangu ikarudi. Nguoni mwangu. Nilipima asubuhi. Baada ya kula sikupima. Nilikuta kazi imefunikwa na bakuli lile lile nililoifunikia, nikaamini bakuli. Nikachukua mita.

Dinamo: Mita ya nini tena? Kimeshaungua.

Mimi: Toka kwenye mwanga wangu, Mashimba.

Nilipomwita kwa jina lake la kuzaliwa, alitoka. Nilizichomoa waya za king'amuzi kilichokufa, nikaweka ncha moja ya mita kwenye kaboni ya mota na ncha nyingine kwenye gurudumu. Asubuhi pale pale mita ilinyamaza. Sasa ikalia, piiii, sauti nyembamba ndefu, na haikuacha mpaka nilipoondoa mkono.

Nikakigeuza kichwa. Chini ya mota, mahali nilipokata bati, palikuwa na uzi wa waya wa shaba uliosokotwa kwa ustadi kutoka kwenye kaboni mpaka kwenye bodi, umebana, umelala sawasawa na njia ya lile bati la zamani. Kifuniko nilichoweka kilikuwa kimesukumwa pembeni. Na juu ya ule waya, ili usitoke, palikuwa na kipande cha plasta nyeupe ya hospitali, kimekatwa pembe nne safi.

Sikuhitaji kuuliza. Nilitazama miwani ya Mzee, nikatazama plasta, nikatazama miwani.

Hakuna aliyesema upepo.

Mzee: Nilidhani imekatika, mwanangu.

Mimi: Nini?

Mzee: Lile bati. Ulipoenda kula niliomba wanisogezee, nikishike kidogo. Nikapitisha kidole chini. Nakijua hiki kichwa kuliko ninavyoijua sura yangu siku hizi. Kidole kikafika pale, bati halipo. Nikasema masikini, limekatika, Hellen hakuona. Nikalirudisha.

Mimi: Mzee, nililikata makusudi.

Mzee: Nimesikia ulipokuwa unaeleza.

Mimi: Na nyie? Nyie watatu mlikuwa wapi?

Dinamo: Alituuliza. Mimi nikamwambia ni sawa. Kwenye pikipiki hasi lazima ishike bodi, mayu. Bila hivyo hata taa haiwaki. Nikajua fundi umesahau.

Hali ya Hewa: Mimi nilimshikia bakuli.

Mjumbe: Mimi nilikuwa naangalia usije.

Mimi: Na moshi ulipotoka mkaona mnipe Ikweta?

Nilitaka kupiga kelele hadi watu wa ng'ambo ya barabara watoke. Saa nzima wananizungusha, mawe, sumaku, ndege na meli, wakati waya uko pale pale umelala, na mimi fundi mwenye jina langu nikaanza kujiona sijui kazi. Nilikuwa na maneno yangu tayari mdomoni. Ila niliwatazama, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nikawaelewa, jambo ambalo halikunifurahisha. Walikuwa wanamfichia. Prudencia akijua mzee amegusa waya, seti inapanda ndege, na Nyakato inabaki sebule yenye kochi lililotoboka.

Nilikuwa bado nang'oa ule waya, plasta imenigandia kwenye kidole gumba, bajaji ilipoegesha mbele ya kibanda. Prudencia akashuka. Ni mwanamke mrefu, haongei sana, na anatazama kitu mara moja tu.

Prudencia: Shikamoo, Baba.

Mzee: Marahaba, mama.

Prudencia: Hamjambo hapa. Poleni na kazi. Mbona pananuka kitu kilichoungua?

Mimi: Kimeungua king'amuzi kimoja.

Prudencia: Kimeunguzwa na nini?

Hilo ndilo swali lenyewe. Swali dogo, na tangu saa nane lilikuwa na majibu mengi kuliko vikombe vya Yeremia. Nikageuka kutazama wataalamu wangu. Dinamo alikuwa ameinamia chaja yake yenye grisi. Hali ya Hewa, ambaye alijua nia ya upepo wa jana, hakujua kitu kuhusu wa leo. Mjumbe alifungua mdomo, akaufunga bila methali. Ikweta ilibaki huko iliko. Yeremia akainamisha birika juu ya kikombe, likatoa matone mawili ya masimbi.

Yeremia: Kahawa imekwisha.

Prudencia: Sijaomba kahawa. Fundi, nakuuliza wewe. Kimeunguzwa na nini?

Sitasema uongo kwamba ilikuwa rahisi. Jibu lilikuwa kwenye kidole changu. Nikilitoa, jina langu linasafishika, na huyu ni mtu ambaye akikusifu Nyakato unapata wateja, akikuponda unapata nafasi ya kulala mchana. Nilimkasirikia mzee, nilikikasirikia kijiwe, na nilikasirika zaidi kwamba kulikuwa na jibu jingine, la kweli vilevile, na ni langu.

Mimi: Sikupima mara ya pili.

Prudencia: Maana yake?

Mimi: Kitu hiki kabla hujakiwasha unapima kama mota haigusi bodi. Nilipima asubuhi, ilikuwa safi. Nikaenda kula. Niliporudi nilipaswa kupima tena, kwa sababu kazi ikitoka machoni kwako hujui imekutwa na nini. Sikupima. Nikawasha. Mota ilikuwa inagusa.

Prudencia: Fundi mzima?

Mimi: Fundi mzima.

Ilinichoma, na niliiacha inichome. Upande wa pili nikasikia benchi linalia. Mzee alikuwa anainuka.

Mzee: Prudencia, sikiliza...

Mimi: Mzee, njoo unishikie mita.

Mzee: Nataka kumwambia mwanangu...

Mimi: Utamwambia baadaye. Shika hapa. Hii mita inalia. Ikilia, kuna kitu kimegusa, hatuwashi. Ikinyamaza, salama. Mimi naweka ncha, wewe unasikiliza. Kwa kazi hii macho hayahitajiki.

Nilimwekea mita kiganjani. Akaishika kwa mikono miwili karibu na sikio, ameinamisha kichwa. Nikagusisha ncha zenyewe kwa zenyewe aisikie inavyolia. Akaitikia kwa kichwa kwamba ameelewa. Nikaweka ncha kwenye kaboni ya kwanza na magurudumu ya kushoto.

Mzee: Kimya.

Magurudumu ya kulia.

Mzee: Kimya.

Bodi.

Mzee: Kimya kabisa.

Kaboni ya pili, vilevile, kushoto, kulia na bodi. Nilipoinua mkono kuchukua king'amuzi cha pili, Prudencia akaushika. Akaibandua ile plasta kwenye kidole gumba changu kwa kucha mbili. Akaitazama. Akamtazama baba yake, aliyekuwa bado ameinamia mita, mkono wa miwani unang'aa kwa plasta ileile.

Nikaona anajua. Mjumbe naye aliona, maana alishika kichwa.

Prudencia akaiviringa ile plasta mpaka ikawa kama punje, akaitupia ndani ya kikombe kitupu cha Dinamo.

Prudencia: Baba.

Mzee: Naam.

Prudencia: Kuanzia leo kusikiliza mita ni kazi yako. Kugusa waya siyo kazi yako. Ni ya fundi. Tumeelewana?

Mzee: Na seti?

Prudencia: Nimekuuliza tumeelewana.

Mzee: Tumeelewana, mama.

Prudencia: Seti iko Nyakato. Nimesema inakwenda wapi?

Dinamo akapumua kwa sauti, utadhani ni tairi lililotolewa vali. Mjumbe akasema mstahimilivu hula mbivu, na kwa bahati mbaya hiyo ilikaa vizuri, kwa hiyo tutaisikia mwaka mzima.

Nilichomelea kile cha pili bila kuzungumza na mtu. Nyekundu, nyeusi, chungwa, kijivu. Nikakivalisha kile kimpira kinachobana kikipashwa moto ili kisiguse chuma, nikazibana waya mbali na magurudumu. Sikukiunganisha moja kwa moja na umeme mkubwa. Kisanduku cha kuendeshea kina tundu la majaribio, linalotoa umeme kidogo tu, kama kuna kosa kikatae bila kufa. Nikaanza na hilo, king'amuzi kikajibu. Prudencia alikuwa amekaa kwenye benchi la mtumbwi, nafasi ya baba yake. Dereva wa bajaji alikuwa amezima injini amekuja kutazama. Nikahamisha waya kwenye umeme wenyewe, nikakiweka kichwa relini, nikaweka kidole kwenye swichi.

Mzee: Ngoja.

Mimi: Nini tena, Mzee?

Mzee: Ulipotoka kupima ulichomelea.

Mimi: Ndiyo.

Mzee: Pima tena.

Na mimi, niliyekuwa nimechoshwa na kijiwe kizima tangu mchana, nilitoa kidole kwenye swichi, nikamrudishia mita mkononi, nikapima tena.